Firigisi ya Mama Mdogo Saida

Enzi zetu, kuku wa jioni alianza kwa kutafutiwa mwanaume. Chekeni nyinyi mliokulia magorofani, lakini wenzangu wa Bagamoyo mnajua ninachosema. Mwanamke alimfuga kuku, akamlisha, akamnyonyoa, akampika, ila kumchinja alitafutwa mwanaume. Basi kama baba hayupo, msichana alimtia kuku kwapani, kisu akakifunga kwenye kanga, akapita nyumba kwa nyumba: "Hodi! Shikamoo. Kuna mtu wa kutuchinjia?"

Nimeyakumbuka haya Jumanne iliyopita, binti yangu Rukia aliporudi kazini akaniambia nisiingie jikoni. Atapika yeye, kikaango kimoja, kuku na viazi na majani ya kunukia, mara moja tayari. Kuku mwenyewe katoka kwenye mfuko wa plastiki, mapaja matupu, hana shingo, hana ukoo. Majani yametoka kwenye kichupa, makavu, yananuka sanduku la nguo. Rukia kaegemeza simu kwenye kopo la chumvi, anaisoma kujua kama chumvi imetosha! Nilijiuma ulimi. Wageni wetu walikuwa mama mdogo Saida na mumewe, baba mdogo Hamisi, na hao wawili habari zao za kuku nazijua mwanzo mpaka mwisho.

Saida ni mdogo wake mama. Tulipokuwa wadogo tuliishi wote kwa Bibi, nyumba yenye ua wa makuti na mnanaa ulioota kando ya mtungi. Saida alikuwa keshawakataa wachumba wawili, na mjomba, kaka yake, alikuwa anakaribia kupasuka kwa hasira. Siku hiyo, siku ya kazi, mjomba yuko shamba Fukayosi, mara hodi! Mzee wa Vigwaza kaja kumposea mpwa wake, bila taarifa, na kesho alfajiri anaondoka. Bibi akamkaribisha barazani kumsubiri mjomba, kisha akaja uani mbio.

"Saida, jibu linatakiwa leo."

"Mama, mtu mwenyewe simjui! Hata kivuli chake sijakiona. Nitamkubalije?"

"Basi utanijibu kuku akiiva. Na ukikataa, kamwambie kaka yako kwa mdomo wako."

Nyinyi mnajua, zamani mposaji hakwenda kujiposea. Wanakwenda wazee, yeye anabaki kwao anakula kucha. Kwa hiyo Saida alikuwa anatakiwa aolewe na jina tu. Alimkamata jogoo kwa hasira mpaka nikamwonea huruma jogoo.

Tukatoka mimi na yeye. Nyumba ya kwanza, wanaume wamekwenda ufukweni kununua samaki. Ya pili, yupo babu mmoja ambaye mikono yake ilitetemeka, tukaogopa atajichinja mwenyewe. Na mgeni huwezi kumwambia amchinje kuku atakayemla. Tulipofika pembeni ya ukuta wa jirani, tukamwona kijana amesimama peke yake, kanzu nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka inakata.

"Kaka, samahani, wewe Muislamu?" Saida akamuuliza.

"Alhamdulillahi."

"Kuchinja unajua?"

Alisita. "Najua," akasema, na mimi mtoto nikajua hajui.

Alikunja mikono ya kanzu, akapiga bismillahi kwa sauti ya kuitia watu msikitini. Jogoo akampiga bawa la uso, akachomoka. Lahaula! Kijana akamfukuza, kanzu kaishika kwa meno, mara kwenye majivu, mara chini ya kamba ya nguo. Mwisho akajitupa kifudifudi mchangani, akamdaka mguu. Saida alicheka mpaka akakaa chini.

"Mshike vizuri, kaka, kuku hana meno!"

"Wewe umemlisha nini huyu?" kijana akajibu, mchanga umemjaa ndevuni. "Huyu si jogoo, huyu askari."

Akamchinja vizuri, basi, lakini kanzu ilikuwa imekwisha. Saida akamwambia aje baadaye kuchukua shingo yake, maana kwetu mchinjaji fungu lake shingo. Firigisi ilikuwa ya mkubwa wa sinia, na hapo hapakuwa na mjadala. Mtoto akidokoa firigisi jikoni, bora ahame mji.

Bibi alipika kwenye karai moja, kwa haraka. Thomu, tangawizi, ndimu, kotmiri na mnanaa aliochuma hapo hapo, viazi vikazama humo humo, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Harufu ile iliwafanya watoto wa jirani waje kutusalimia, wana adabu ghafla.

Magharibi mjomba akarudi, mgeni akakaribishwa ndani. Ndipo mzee wa Vigwaza akasema kwa aibu, "Samahanini, nina kijana wangu nilimwacha nje. Alinisindikiza tu. Ndiye mwenyewe, lakini msimhesabu."

Akaingia mtu na kanzu yenye damu, majivu na manyoya.

Saida alikuwa anachungulia penye pazia. Alinishika bega akanifinya mpaka nikaguna. Kisha alirudi jikoni, akaliomba sinia kwa Bibi, eti viazi havikupangwa vizuri.

Sinia likaenda, na mimi nikaenda na birika la kunawisha. Wanaume wakala. Mzee akageuza kiazi, akageuza kingine, akakuta shingo. Akaitazama shingo, shingo nayo ikamtazama. Upande wa pili yule kijana, Hamisi, akainua kiazi chake, chini yake firigisi imekaa kama bibi harusi. Akaanza kukohoa. Mjomba alitoka jasho, akaangalia penye pazia kama anayetaka kulirarua.

Kule nyuma Bibi alikuwa keshamshika Saida sikio. "Nani kaiweka kule? Unataka kutuaibisha?" Saida kainamisha kichwa, anachora sakafu kwa dole gumba la mguu, na tabasamu linamtoka kwa nguvu. Bibi akamwachia sikio taratibu. Akasogea penye pazia, akasema, "Wageni, mtusamehe. Jibu lenu limekwisha kufika, liko kwenye sinia."

Mzee wa Vigwaza alicheka mpaka akapaliwa na shingo yake.

Basi Jumanne tumekaa mezani, kila mtu na sahani yake na uma wake. Baba mdogo Hamisi, mvi tupu sasa, akainua kiazi kwa uma. Akainua kingine. Mama mdogo akamwacha atafute weee, kisha akamwambia, "Leo hujachinja. Hata shingo hupati."

Rukia akataka kujua tunachekea nini, nikamsimulia. Kuku wake alikuwa mtamu, sitasema uongo. Lakini vijana wa siku hizi wanaulizana kwa simu na kujibizana kwa vikatuni vya mioyo, na nyumba nzima haina habari. Nalikumbuka karai la Bibi, na ule ua ambao siri haikukaa hata jioni moja.

Wageni walipoondoka, Rukia alikuwa anaosha kikaango. Akaniuliza bila kugeuka, "Mama, hizi firigisi zinauzwa wapi?"

"Kwani anakuja nani?"

Mwanangu mwenye jibu la kila kitu aliinamisha kichwa, akaendelea kusugua kikaango kilichokwisha takata.