Mluzi wa Mlango wa Nyuma

Mimi sina subira na mtu anayeleta gari gereji, anasema "lina kelele", halafu ananyamaza. Kelele gani? Ya wapi? Inaanza gari likiwa mwendo gani? Miaka ile ya tisini, gereji yangu ya mabati ikiwa kando ya barabara pale Lurambi, niliwafukuza wateja wengi kwa mdomo tu. Mke wangu alikuwa akisema tutalala njaa kwa sababu ya ulimi wangu.

Kwa hivyo Mwalimu alipoingia na lile gari lake jeusi la Kijerumani, akazima injini na kusema, "Fundi, lina kelele," nilishika kiuno nikajiandaa. Ila huyu sikuweza kumfokea. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, alinifundisha darasa la saba, na fimbo yake naikumbuka mpaka leo. Gari aliachiwa na kaka yake, mtu mkubwa serikalini, na tangu lifike Kakamega halikuwahi kuwa la Mwalimu peke yake. Nusu ya maharusi wa mji wetu walipelekwa kanisani na gari hilo. Ukienda kuliomba, Mwalimu anamtazama mkewe, mkewe anasema, "Mpe," na mambo yanaishia hapo.

"Kelele ya nini, Mwalimu?"

"Ya upepo. Mluzi. Nikifika sitini unaanza. Nikifika themanini sisikii kitu kingine."

"Aai, Mwalimu! Injini nzima, breki nzima, unasumbuliwa na upepo? Si ufungue redio tu?"

Hakucheka. Alinishika mkono akanivuta pembeni, mbali na gari. Mkewe, ambaye sisi wote tulimwita Mama, alikuwa ameketi kiti cha mbele, skafu imefungwa shingoni. Nilijua ni mgonjwa, mji mzima ulijua. Alikuwa amepasuliwa koo, sauti ikabaki ya kunong'ona tu. Kila Jumanne Mwalimu alimpeleka hospitali Kisumu.

"Nyumbani hatuna nafasi," Mwalimu aliniambia. "Wageni kutoka asubuhi, kila mtu amekuja kusema pole na mkate wake na sukari yake. Wakiondoka, Mama amechoka, analala. Njiani ndipo tunakuwanga wawili. Na anaongeanga njia yote, fundi. Mimi sisikii hata neno."

"Si umwambie arudie?"

"Kila neno linamuuma. Nimwambie arudie, aumie mara mbili?" Alitazama kule garini. "Nikiona midomo imesimama, nasema ndiyo. Miezi mitatu sasa. Nasemanga ndiyo tu."

Niliona haya, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo. Nikamwambia, "Lete funguo."

Sasa, kelele ya upepo ni shetani wa kazi. Gari likisimama haipo. Huwezi kuiona, huwezi kuishika, na sikio linakudanganya. Mimi nilisikia mluzi ukitoka mlango wa mbele, upande wa Mama, nikasema basi, nimeupata. Nikatafuta raba nyingine ya mlango huo, nikaifunga vizuri, nikamwita Mwalimu kwa mbwembwe zote tukajaribu barabara ya Webuye. Sitini, fyuuu. Palepale! Nilitukana raba, nikatukana aliyeniuzia, nikatukana Wajerumani. Mwalimu alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akisubiri darasa linyamaze, kisha akasema, "Tuanze tena."

Tukaanza tena, safari hii kwa akili. Nilichukua ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, nikaziba kila mahali upepo unapoweza kupenya: kioo cha mbele kuzunguka, vioo vya pembeni, eriali, milango yote minne. Gari likawa na bandeji mwili mzima. Watu wa stendi ya Lurambi walitucheka mpaka wakakaa chini, mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, mpe pole mgonjwa!" Lakini tulipofika themanini kulikuwa kimya. Basi nikawa nabandua tepu sehemu moja, tunaendesha, tunasikiliza. Nabandua nyingine, tunaendesha tena. Kioo cha mbele, kimya. Vioo vya pembeni, kimya. Milango ya mbele, kimya. Nilipobandua mlango wa nyuma wa kushoto, fyuuu. Upepo ulikuwa unaingilia nyuma, na sauti inasafiri juu ya dari mpaka masikioni mwa walioketi mbele.

Tukarudi gereji. Mwalimu akafungua buti akatoa boksi la chaki. Mstaafu miaka mitano, bado anatembea na chaki! Nikapaka chaki raba yote ya mlango ule, nikaufunga polepole, nikaufungua. Pale raba inapogusa bodi, chaki huacha mstari mweupe. Mstari ulipanda vizuri kutoka chini, ukakunja kona, halafu kule juu ukakatika. Ukaonekana tena, ukakatika tena. Sehemu sita, kila moja upana wa kidole gumba. Nikapitisha kidole kwenye raba: mashimo sita, imesinyaa kabisa.

"Ni mjinga gani huyu?" nikaanza. "Ni nani alikuwa anabana vitu kwenye mlango wa gari kama hili? Mtu akipewa kitu kizuri, lazima akiharibu! Ningempata mimi…"

Ndani ya shimo moja kulikuwa na uzi. Niliuvuta kwa kucha. Ulikuwa kipande cha utepe wa harusi, rangi ya zambarau.

Mama, aliyekuwa akitusubiri kwenye benchi la gereji, alikuwa ameinuka. Alikuja akautazama ule uzi mkononi mwangu, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, ila sauti haikutoka. Akaninyooshea kidole.

"Wewe," alinong'ona. Pale gereji, injini ikiwa imezimwa, nilimsikia sawasawa. "Harusi yako. Ulifunga utepe mwenyewe, fundo ukalibana ndani ya mlango lisifunguke. Tulikuambia litaharibu raba. Ukasema wewe ndiye fundi."

Woi! Nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli, mke wangu alitaka zambarau, na ni kweli nilikataa kusaidiwa. Na bila shaka waliokuja baada yangu waliona jinsi fundi alivyofunga, nao wakafunga vivyo hivyo. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mama akagusa mashimo mengine, moja moja: hili la binti wa mchungaji, hili la nesi wa Navakholo. Alizikumbuka harusi zote. Ni yeye aliyesema "Mpe" kila mara.

Nilikata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, nikavipenyeza chini ya raba kila palipobonyea, nikatia gundi, nikaacha vikauke siku nzima. Nikapaka chaki tena. Mstari ukapanda, ukakunja kona, ukateremka bila kukatika. Nilifurahi kama mtoto, sitaki kudanganya.

Jumanne nilidai kwenda nao. Nilitaka kuisikia kazi yangu kwa masikio yangu, nishuke Chavakali, nirudi. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango wangu. Tulipopita Sigalagala, Mwalimu alikanyaga mafuta mpaka themanini, akanitazama kwenye kioo. Kimya. Nilisikia hata saa ya dashibodi. Akatabasamu, akamgeukia mkewe.

"Haya, Mama. Ongea sasa."

Mama alimtazama. "Mwalimu," alinong'ona, "mbona tunaenda tena?"

"Si leo ni Jumanne?"

"Nilikuambia nimechoka. Ile siku ulibaki nje, daktari aliniambia hakuna kitu kingine anaweza kufanya, ni kupunguza uchungu tu, na dawa hiyo hata Kakamega iko. Nikakuomba tusiendenge tena. Nikae nyumbani na wewe. Ukasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo?"

"Jumanne tatu. Nikajua umekubali. Halafu asubuhi unawasha gari."

Mwalimu alipunguza mwendo, akatoka barabarani, akasimama kabla ya Khayega. Haki ya Mungu, nilitamani ule mluzi urudi. Nilishika mkono wa mlango nishuke niwaachie nafasi, akasema bila kugeuka, "Kaa, fundi." Nikakaa.

"Mama," akasema, "mimi sikuwa nasikia. Upepo. Sikusikia hata neno moja."

"Njia yote?"

"Njia yote."

"Miezi yote hiyo?"

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Mikono yake ilikuwa bado juu ya usukani.

"Sasa ulikuwa unaitikia nini?" Mama akauliza.

"Nilikuwa nakuitikia wewe."

Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mwalimu. Walikaa hivyo, na mimi nikatazama nje, nikifuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Kuna mengine uliniambia?" Mwalimu akauliza mwishowe.

"Mengi."

"Basi anza mwanzo. Nasikia."

Akageuza gari. Hatukufika Chavakali, wala Kisumu. Tulirudi Kakamega taratibu kiasi kwamba hata trekta la miwa lilitupita, dereva akitushangaa. Mama alinong'ona njia yote, na Mwalimu alimjibu kwa maneno kamili, anauliza, anabisha, anacheka. Mimi nilijitahidi nisisikie. Mama alikaa nyumbani kama alivyotaka, na alitutoka kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa.

Lakini siku ile, nikiwa nyuma, nilichungulia juu ya bega la Mwalimu nikaona mshale wa mwendo. Thelathini na tano. Kwa mwendo huo gari lile halikuwahi kupiga mluzi, raba ikiwa nzima au imeoza. Mwalimu mwenyewe aliniambia siku ya kwanza kwamba mluzi unaanza sitini. Mimi, fundi wa kuuliza kila mtu "mwendo gani?", nilisikia jibu hilo nikiwa nimeshika kiuno, nikakimbilia raba. Sikumwambia aendeshe polepole.