Mbwa Aliyekuwa na Mwenyewe

Siku hizi watu wa umri wangu hupenda kusema kwamba Wazungu wa mgodini walikuwa na huruma. Mimi niliishi nao jirani, upande wa Geita, tangu vita vikuu vya pili vilipokwisha mpaka walipoanza kuondoka mmoja mmoja, na huruma yao niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa huruma ya kuchagua, na ilianzia kwa mbwa.

Mbwa wenyewe waliwaleta wao. Kijana wa Kizungu akija kwa mkataba alijipatia mbwa wa kukaa naye barazani. Mkataba ukiisha, kijana alipanda lori akaenda zake, mbwa akabaki jalalani. Haikupita miaka mingi jalala la klabu yao likajaa mbwa wenye upele na vidonda. Ndipo wake za mabwana wakubwa walipounda kamati ya kuwaokoa. Mwenyekiti alikuwa mke wa bwana mmoja wa ofisini, mwanamke mrefu mwenye kofia pana kama ungo, ambaye miaka yote ile hakujifunza hata kuitikia shikamoo. Daktari wa mifugo alitoka mbali na alitaka kulipwa safari na dawa, kwa hiyo kamati ilihitaji fedha.

Kwanza waliuziana keki wenyewe kwa wenyewe. Sijui walipata nini, nadhani walishiba. Kisha mtu mmoja, laana imshukie popote alipo, akawaambia habari za ngoma zetu.

Kila mwaka baada ya mavuno sisi Wasukuma tulishindana mbina, yaani ngoma, Wagika, chama chetu, upande huu na Wagalu upande ule. Hakuna mwamuzi anayetoa ushindi. Anayeshinda ni yule aliyevuta watazamaji wengi upande wake, basi. Kamati ikauzungushia uwanja wa mpira kamba za katani, ikaweka meza pa kuingilia, ikatoza thumni kila kichwa. Thumni, kwa kitu tulichokitazama bure tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Mtu mwenye akili angebaki nyumbani. Lakini Mgika gani abaki nyumbani awaachie Wagalu wajaze uwanja? Watu waliuza kuku. Wazee waliokuwa wakilia kila siku kwamba kodi inawamaliza waliwalipia wake zao wote waje kuongeza watu upande wetu. Mimi nililipa, nikamlipia na mama mkwe wangu ambaye macho yalikuwa karibu kupofuka kabisa, maana hata asiyeona alihesabiwa.

Tulipoambiwa fedha ile ni ya dawa za mbwa tulicheka mpaka tukashika mbavu, halafu tukaendelea kulipa. Kwa ujinga huo siwalaumu Wazungu.

Sasa, mimi nilikuwa na mbwa. Mume wangu alifanya kazi chini ya ardhi na alilala kambini, mimi nikabaki na mama mkwe na mbuzi alionipa baba yangu. Mbuzi wale ndio waliokuwa sabuni yangu, chumvi yangu na nguo za watoto. Na kati ya mbuzi na fisi alisimama mbwa huyo mmoja, mwekundu, sikio moja limekatika, hana sura ya kumvutia mtu. Nilimlea kwa uji tangu hajafumbua macho. Nilimpenda, ingawa kwetu mtu hasemi neno kama hilo juu ya mbwa, na mimi sikulisema.

Msimu mmoja fisi akamchana bega. Nilimtia majivu na tumbaku, kama tulivyozoea, lakini kidonda kiliingia funza kikaanza kunuka. Nikaazima baiskeli, nikamfunga mbwa kwenye kapu nyuma, nikamsukuma hadi klabu siku ambayo daktari wa mifugo alikuwapo. Aliyetafsiri alikuwa karani wa ofisi, rafiki wa mume wangu.

"Shemeji, mama anauliza mbwa huyu ni wa nani."

"Ni wangu."

Wakazungumza. Mwenye kofia aliinamisha kichwa upande, kama mtu aliye msibani.

"Anasema anasikitika sana," karani akaniambia. "Fedha ya kamati ni ya mbwa wasio na mwenyewe. Huyu anaye, basi mwenyewe amtibu."

"Mwambie nililipa mlangoni, mimi na mama mkwe."

"Hilo siwezi kumwambia, shemeji. Nina watoto."

Daktari alikuwa hapo hapo, ananawa mikono. Nilimtazama, nikawatazama wale mama, nikaona ninazungumza na watu ambao hawana hata haya ya kuonea haya. Basi, kama walitaka mbwa asiye na mwenyewe, nitawapa. Nilizunguka nyuma ya jiko la klabu, nikamfunga kwenye nguzo, nikapanda baiskeli. Alinililia njia nzima mpaka nikapinda kona. Nilijiona mjanja: atibiwe kwanza, nitakuja kumchukua.

Alitibiwa, hilo siwanyimi. Mpishi wa klabu, jirani yangu, aliniletea habari: ameshonwa, ameogeshwa, anakula nyama ya ng'ombe, amepewa jina la Kizungu ambalo sitalitaja kwa sababu halikuwa lake. Alipopona nikaenda kumwomba. Hawakukataa. Walisema tu kwamba mbwa wa kamati hapewi mtu mpaka nyumba yake ikaguliwe.

Wakaja na gari, mama watatu na karani. Mama mkwe aliwatolea kiti chetu cha pekee, hakuna aliyekikalia. Mbwa atalala wapi? Nje, nikasema, alale wapi tena, na fisi wako nje? Atakula nini? Ugali, kama sisi. Wakatazamana.

"Wanasema hapa hapamfai," karani akasema, akitazama viatu vyake.

Mwenyekiti akamchukua yeye mwenyewe, akamweka kwenye nyumba yenye waya dirishani na askari mlangoni, mahali ambapo fisi hajawahi kutia mguu. Mbuzi wangu waliisha mmoja baada ya mwingine. Nilimchukia mwanamke yule, na umri huu wote haujapunguza kitu.

Mwaka uliofuata walirudia ngoma, na safari hii wakamleta mbwa wangu wamwonyeshe. Walimsimamisha juu ya meza, shingoni utepe. Karani akatafsiri kwamba mnyama huyu aliachwa na mtu katili aliyemfunga akakimbia. Nani pale hakumjua mbwa wangu? Naye akaniona. Alivuta mnyororo mpaka meza ikapinduka, na mwenye kofia akacheka, akasema, kwa kinywa cha karani, tazameni anavyowapenda watu wote.

Hapo mwimbaji wetu, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akatunga wimbo papo hapo kwa Kisukuma, juu ya mwanamke mwenye ungo kichwani aliyeiba mbwa na kutuachia fisi. Wagalu wenyewe walivuka uwanja kuja kuusikia. Wale mama walipiga makofi wakaomba uimbwe tena, ukaimbwa tena. Tulishinda vibaya sana siku ile. Watu waliisimulia kwa miaka kana kwamba mimi ndiye niliyeshinda, wakisahau kwamba ngoma ilipokwisha wao walikwenda kunywa pombe, na mbwa alipandishwa gari.

Halafu ikaja habari kwamba bwana wa yule mwanamke amemaliza kazi, wanarudi kwao. Nilimwendea karani. Nikamwambia sitaki kuitwa mwenyewe, sitaki kuombwa radhi. Mama akiondoka tu, aniachie mbwa. Karani, nampa haki yake, aliahidi kuuliza. Siku ya kufunga mizigo nilivaa kaniki yangu safi nikachukua kamba. Njiani nikakutana na mpishi.

"Rudi, mama," akasema. "Daktari alikuja jana. Amemchoma sindano ya kumlaza asiamke tena."

"Alikuwa anaumwa?"

"Mzima kabisa. Yule mama alilia sana, akamshika kichwa mpaka mwisho."

"Karani hakumwambia habari yangu?"

"Alimwambia. Mimi nilikuwa nawapa chai, nilisikia." Mpishi akageuka kutazama mlima wenye nyumba zao, ambako kutoka barazani moshi wa jiko langu ulionekana. "Alijibu kwamba ametafuta kote, hakupata mtu wa kumwachia."