Jukwaa Nyuma ya Kaunta

Mimi ni mfupi. Nalisema mapema ili tusipotezeane wakati. Simaanishi ufupi wa kuambiwa "si sana, dada." Namaanisha ufupi wa kuulizwa dukani kama nimetumwa na mama, ilhali nilikuwa na miaka ishirini na mitano na cheti cha ukarani wa posta mkobani.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipelekwa kufanya kazi katika posta ya mji mmoja mdogo wa wilaya ya Kitui, ambao sitautaja kwa sababu mkuu wangu wa posta ana wajukuu. Jengo lile lipo hadi leo. Posta ilihamia kwenye jengo jipya la matofali katika miaka ya tisini, na pale kwetu sasa wanauza mbegu na dawa za mifugo. Lakini wakati ule hakukuwa na jengo la kulishinda kuanzia pale hadi Mutomo. Kuta zilikuwa za mawe ya kijivu yaliyochongwa mlimani na wafungwa, wakayasukuma kwa rukwama hadi mjini, waashi wa Kihindi wakayapanga kwa ustadi hata sindano isingepenya katikati. Paa lilikuwa la mabati yaliyopakwa rangi nyekundu. Mbele kulikuwa na veranda yenye nguzo nne, pana kuliko ofisi yenyewe, na ngazi tano za kupandia mlango mkubwa.

Mlango huo zamani ulikuwa wa Wazungu. Waafrika walihudumiwa kwenye kidirisha cha ubavuni, upande unaopigwa na jua la mchana. Uhuru ulipokuja mlango ukawa wa kila mtu na kidirisha kikazibwa kwa mbao. Hata hivyo wazee kadhaa wa kijiji cha Tulia hawakuukubali mpango huo. Walikuja na barua zao, wakaenda ubavuni, wakabisha ile mbao kwa fimbo mpaka mmoja wetu atoke kuwachukua. Niliwaomba waingie ndani kama watu wengine. Mmoja akaniambia huko ndani sakafu inateleza, na yeye hakutembea tangu alfajiri kuja kuvunjika kiuno mbele ya wanawake. Nikawa natoka nje kuwauzia stempu.

Ndani kulikuwa na kaunta ya mbao ngumu nyeusi, ndefu toka ukuta hadi ukuta. Mteja wa kawaida ilimfika kifuani. Nyuma yake, upande wa makarani, kulikuwa na jukwaa la mbao lililofika magotini mwangu, nasi tulisimama juu yake siku nzima tukiwatazama wananchi kutoka juu. Mkuu wa posta alinieleza kwamba serikali ya mkoloni ilitaka kila mtu ainue uso anapoomba stempu. Mzee mfagiaji, aliyekuwa hapo tangu kuta zikinuka chokaa mbichi, aliyasikia maelezo hayo akangoja mkuu aondoke.

"Aiya, mwiitu, hiyo ni uongo," aliniambia, maana kwake nilikuwa mwiitu tu, msichana. "Ule Mzungu wa kwanza alikuwa hivi." Akashika fagio lake katikati. "Kaunta ilitoka Nairobi, imepimwa na mtu mwingine. Siku ya kufungua posta watu waliona kofia tu. Kesho yake seremala akaitwa."

Nilimwamini mzee, na nikamshukuru yule Mzungu moyoni kila asubuhi. Wanaume ambao sokoni walinipita bila salamu, pale waliniita madam. Nami juu ya jukwaa nilivaa viatu vya soli nene, mtindo wa miaka ile, kwa hiyo nilikuwa mtu mkubwa sana kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa ya kufunga.

Ndipo akaja mwalimu.

Alifundisha shule moja mbele ya Mutomo, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja mjini kuchukua barua za shule. Alikuwa mrefu kiasi kwamba yeye tu, kati ya wateja wote, alinitazama macho kwa macho. Alinunua stempu moja. Akakumbuka anahitaji nyingine. Akauliza za ndege zinaendaje, na mimi nikajua hana mtu hata mmoja ng'ambo. Watu kwenye foleni walikohoa na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Tuliendelea hivyo kwa miaka miwili. Siku moja mzee mmoja alisema karani huyu ni mrefu kweli, naye mwalimu akajibu, "Ni mrefu sana," akacheka. Nilikwenda nyumbani na kicheko kile nikakitafuna wiki nzima.

Kwa sababu, unaona, nilikuwa na hakika kwamba hajawahi kuniona nikiwa chini. Nilihakikisha. Jumamosi zake sikutoka kwenda kunywa chai. Tulipofunga saa sita na nusu nilichungulia mlangoni, kushoto na kulia, nikiona hayupo navuka barabara mbio hadi kwa shangazi yangu nilikokuwa nikiishi.

"Mwambie," shangazi alisema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishazoea."

"Azoee nini, na wewe humwonyeshi?"

Nilimpenda yule mtu, ndiyo ukweli wenyewe, na niliogopa kwamba anampenda mwanamke mwenye jukwaa.

Mwezi mmoja alilamba stempu, akaibandika, akasema bila kuniangalia, "Nikija tena nitakuwa na mjomba. Anataka kukuona." Kwetu mjomba hasafiri kutoka Mutomo kuja kununua stempu. Nilijaa furaha kwa muda uliomchukua mwalimu kufika mlangoni. Halafu nikaikumbuka miguu yangu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, Jumatano yake mkuu wa posta alituita. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha kila kitu, hata karatasi zilizonyooka. Akasimama wima, akasoma waraka kutoka makao makuu: karani na mwananchi sasa ni sawa, majukwaa yote ya kikoloni yang'olewe. Fundi kutoka Migwani angekuja Jumatatu.

"Na kaunta?" niliuliza.

"Kaunta itakatwa mwaka ujao."

"Kwa hiyo mwaka huu mimi nitaonekana vipi?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Utasikika," akasema.

Najua nilichofanya baadaye hakikuwa kizuri. Jumatatu fundi alipofungua mfuko wake wa vifaa, nilimnong'oneza kwamba chini ya jukwaa kuna nyoka. Fundi akamtazama mzee mfagiaji. Mzee hakujua tunazungumza nini, lakini hakuwa mtu wa kuniangusha.

"Iko," alisema. "Kubwa. Iko tangu Mzungu."

Fundi alifunga mfuko. Aliyefuata hakupanda hata ngazi za veranda, maana alikuwa ameshayapata yote sokoni. Kufikia mwisho wa wiki nyoka wangu alikuwa na vichwa viwili kwa mujibu wa wauza nyanya, na wateja walisimama mbali na kaunta wakinyoosha mikono kupokea chenji. Nilijiona mwerevu sana. Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Kisha mkuu akatangaza kwamba amechoka na ushirikina, na kwamba atazing'oa mbao hizo mwenyewe, yeye na Mungu, siku atakapopata nafasi. Nafasi yake ilikuwa Jumamosi.

Nilihesabu kwa vidole. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Laiti ningenyamaza, jukwaa lingeng'olewa Jumatatu ile ya kwanza, na ningepata karibu mwezi mzima wa kutafuta maneno. Badala yake nilikuwa nimelisukuma kwa mikono yangu mpaka siku ya mjomba.

Asubuhi hiyo mkuu alivua koti, akaomba kwa kifupi, akang'oa mbao ya kwanza kwa mtaimbo. Foleni yote ilinyoosha shingo. Chini kulikuwa na vumbi la miaka mingi, vifuniko vya kalamu, stempu zenye kichwa cha mfalme, andazi lililokuwa jiwe, na meno ya bandia ya taya la juu. Mkuu alivipanga vyote kwenye kaunta kwa mstari, kimoja kimoja, kisha akanigeukia.

"Nyoka yuko wapi, karani?"

Aliuliza kwa raha ya mtu aliyesubiri wiki tatu. Kwa raha hiyohiyo akang'oa mbao ya pili, na nyoka akatoka.

Namwita nyoka kwa heshima tu. Alikuwa na urefu wa rula ya shule, na nadhani alituogopa kuliko tulivyomwogopa. Lakini mkuu wa posta alikuwa tayari juu ya kaunta, amesimama kati ya andazi na meno, akimtaja Bwana kwa sauti. Foleni ilitoka kwa mlango mkubwa mara moja. Nami nilitoka nayo, nikaacha kiatu kimoja ndani, nikavuka veranda na kugonga kifungo cha koti la mtu.

Niliinua macho. Nikaendelea kuyainua. Alikuwa mwalimu, na pembeni yake mzee mwenye kofia na bakora.

"Kuna nyoka," nilisema.

"Imekuuma?"

"Hapana. Mwalimu, nataka kukwambia kitu. Mimi ni mfupi."

"Ndiyo," alisema.

"Sikiliza. Si kwa sababu ya kiatu. Hata nikivaa hicho kingine, bado. Huko ndani kulikuwa na jukwaa."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

Akaonyesha kwa kidevu hoteli ya chai iliyokuwa ng'ambo ya barabara. "Basi ya Mutomo inatoka saa nane. Mimi hukaa pale dirishani nikinywa chai. Nakuona ukichungulia huku na huku, halafu unakimbia. Mara ya kwanza nilifikiri umeiba stempu."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie nini?" alisema, na alishangaa kweli. "Nilifikiri unajua."

Nilitaka kumpiga. Niliona aibu ya kila Jumamosi, mbio zote zile, chai zote nilizojinyima, na mtu ameketi dirishani na kikombe chake akinitazama. Halafu nikaanza kucheka, na machozi yakatoka katikati ya kicheko, na sikuweza kuzuia kimoja wala kingine. Mjomba aliuliza kwa Kikamba kama ndiye huyu. Mwalimu akajibu ndiye. Mjomba akanipima toka kichwani hadi kwenye mguu usio na kiatu.

"Anakimbia vizuri," alisema.

Mzee mfagiaji alitoka akatangaza kwamba nyoka amefagiwa nje kwa mlango wa nyuma. Mkuu alishuka, akang'oa mbao nyingine kwa haraka, akavaa koti, akatuamuru turudi kazini kana kwamba ni sisi tuliopanda kaunta. Jukwaa lilikuwa limebaki mbao mbili za mwisho, upande wa kabati. Mahali pangu palikuwa saruji tupu. Nilisimama hapo, nikagundua kwamba sioni mteja hata mmoja, ila kofia za wachache.

Mwalimu alipanga foleni kama kila mtu, mjomba nyuma yake. Zamu yake ilipofika alilaza kifua juu ya kaunta na kuinamisha kichwa mpaka nikayaona macho yake. Hakuomba stempu.

"Mjomba anauliza kama tulete mbuzi za ntheo," alisema polepole.

Mbuzi wa ntheo ni watatu, na kwetu hao ndio wanaofungua habari za ndoa. Wazee hawawafungui kambani kabla msichana hajakubali.

"Ndiyo," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, maana nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hofu tu, sikuwa nimejiandaa kufurahi.

"Sijasikia. Hii kaunta ni nene."

Alikuwa amesikia. Niliona mdomoni mwake. Lakini nilivua kile kiatu kilichobaki, nikakanyaga saruji kwa miguu yote miwili, nikasema ndiyo kwa sauti iliyojaza jengo zima, na watu wa foleni wakageuka huku na huku kutafuta ni nani aliyesema.