Siku Hedifoni Zangu Zilipoimbia Ukumbi Mzima

Aibu niliipata, sikatai, na waliokuwa ukumbini siku hiyo mpaka leo wakiniona wanacheka kwa pua, lakini nikimaliza kuwaeleza mtakubali kwamba hedifoni zangu hazikuwa na kosa lolote, na langu mimi lilikuwa dogo sana.

Mimi hushona sare za shule pale mtaa wa Huruma, kibanda changu kiko kando ya barabara, na naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu. Mwalimu wetu, Mwalimu Barasa, hurekodi mazoezi kwa simu halafu anatutumia ili kila mtu ajifunze sehemu yake. Sasa jaribu wewe kuitafuta sauti ya pili ndani ya wimbo huku cherehani inalia, magari yanapiga honi, na jirani anachomelea madirisha ya chuma. Vile vidogo vya kuingiza sikioni vilinishinda, visipodondoka vinaumiza. Nikaamua nanunua hedifoni kubwa, zile za kufunika sikio lote, za waya, nichomeke kwa simu basi.

Shem akasikia. Shem huimba besi kwayani kwetu, na chochote chenye waya anakijua kuliko aliyekitengeneza. Baada ya mazoezi akaniambia mbele ya watu, "Mama Effie, hedifoni kubwa bila amplifaya ni kofia ya masikio. Simu haina nguvu ya kuzisukuma."

"Nitapata zinazosikika na simu peke yake," nikamjibu, "na utazisikia kwa masikio yako." (Sikuwa na hakika hata kidogo, lakini watu walikuwa wanasikiliza.)

Nikaenda mjini, nikampata muuzaji mvumilivu, nikajaribu mpaka akaniletea kiti. Za kwanza zilikuwa nzito na za kupendeza kweli, ila nilipochomeka kwa simu yangu na kuweka mazoezi yetu (nilikataa nyimbo zake za dukani), Mwalimu Barasa alisikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya mtungi. "Hizo ni za studio, mama, zinataka amplifaya," muuzaji akasema. Kwa hivyo Shem alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo iliniudhi njia nzima. Nyingine zilipiga besi mpaka sauti ya pili ikazama. Nyingine zilikuwa wazi kwa nyuma, na muuzaji aliyesimama ng'ambo ya meza akawa anausikia wimbo wote pamoja nami. Mwishowe akanipa za kawaida, nyepesi, mito yake laini, hazina urembo wowote, nikaweka sauti nusu tu na nikasikia kila mtu mahali aliposimama, nikasikia hata pale Mama Trizah, mwenzangu wa sauti ya pili, huvuta pumzi katikati ya neno. Nikazichukua. Nikachukua pia kava mpya ya simu, ya mpira mnene, maana simu yangu imeanguka sana.

Jumamosi iliyofuata tulialikwa kwenye tamasha la mashindano ya kwaya katika kanisa moja mtaa wa Pipeline, na sisi tulipangiwa kuimba baada ya wenyeji. Wenyeji wakapanda jukwaani na ngoma zao. Kuna mahali katika wimbo wetu palikuwa pananisumbua, nikakaa benchi la nyuma nipapitie haraka. Nikachomeka hedifoni. Pini ikakataa kuzama mpaka mwisho kwa sababu ya ile kava. Dawa ilikuwa kuitoa tu, lakini kuitoa kunakula kucha, nami nilikuwa nimepaka kucha rangi kwa ajili ya siku ile, nikasema imeingia, inatosha.

Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Nilipobonyeza, sauti ilikuja kwa mbali, hafifu kabisa. Na unajua nilimfikiria nani? Shem. Nikasema basi, jamaa alikuwa na ukweli wote, duka lilinidanganya masikio, zinataka amplifaya. Kumbe simu haikujua kama kuna hedifoni, ilikuwa inalia kwa spika yake yenyewe hapo mapajani mwangu, na nilichosikia ni sauti ya nje ikipenya mito. Sasa mimi si mtu wa kushindwa na Shem. Nikaongeza. Bado. Nikaongeza mpaka ikagota, nikafumba macho, nikaanza kuimba pamoja nayo, kwa sauti ya chini (nilivyodhani mimi).

Ngoma za wenyeji zilikuwa zimetuficha, mimi na simu yangu. Lakini wakamaliza, wakabaki wamesimama jukwaani, mwamuzi mkuu akainuka kutoa maoni, na ukumbi wote ukanyamaza kumsikiliza. Mimi naendelea.

Nilipofumbua macho nikamwona Shem upande wa wanaume ananipungia mikono yote miwili na kujigusa masikio. Nikajua ananicheka. Nikamwinulia kidole gumba.

Hapo wimbo ukakatika kwenye rekodi na Mwalimu Barasa akasema, "Sauti ya pili, mnaburuta. Mkiburuta hivyo mtafanana na wenyeji wetu wa Jumamosi." Watu wakacheka ndani ya rekodi, halafu mwanamke akadakia, "Hao hata Amina yao haishuki, inaanguka ngazi."

Mwanamke huyo ni mimi.

Mama Trizah ndiye aliyenivua hedifoni kichwani, na ndipo nikasikia kicheko changu mwenyewe kikizunguka ukumbi mzima. Nilihangaika na simu nikitafuta pa kuizima. Mwamuzi akasubiri. "Tutaendelea," akasema, "dada akimaliza."

Mwalimu Barasa alinitoa nje. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mama Effie, leo usipande jukwaani. Kaa huku mpaka mambo yapoe."

"Mwalimu, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa yako."

Akageuka kuutazama mlango wa ukumbi.

"Mimi nitaomba msamaha kwa maneno yangu, wewe uombe kwa yako, halafu tuingie tuimbe. Sauti ya pili bila mimi imebaki na Mama Trizah, na leo ana mafua."

Sikumngoja anijibu. Wenyeji walikuwa wanatoka kwa mlango wa pembeni, nikamwendea kiongozi wao, mama mrefu wanayemwita Mama Wangeci. Nilimtazama usoni. "Maneno yale ni yangu. Nilikosea kuwasema hivyo. Samahani, mama."

Akaziangalia hedifoni shingoni mwangu. "Na aliyekuwa anaimba juu ya rekodi?"

"Ni mimi pia."

"Uliimba sawa," akasema. "Lakini Amina yetu utuachie." Mtu nyuma yake akacheka, yeye hakucheka. Nikaona Mwalimu Barasa anakuja taratibu, kofia mkononi, nikawapisha.

Tukapanda. Mtu fulani akakohoa kwa namna ya kusema Amina, na benchi zima likatikisika. Niliangalia mbele nikaimba kama nadai haki yangu. Wenyeji walishinda, na walistahili. Kuhusu sisi, mwamuzi alisema sauti ya pili ina ujasiri uliopita kiasi, na mimi nimeamua hiyo ni sifa.

Shem alizijaribu hedifoni zangu jioni hiyo hiyo, kava imetolewa, simu peke yake. Akasikiliza wimbo wote, akaurudisha mwanzo, na Shem akirudia wimbo, ameshajibu.

Kwa hivyo nimeapa jambo moja tu: sitaongeza sauti tena kabla ya kuinua mto mmoja nisikie nje kunasemwa nini. Kuzivua ni habari nyingine. Jumapili iliyopita mwenyekiti wa kwaya alinishika mlangoni, akaniambia kwa upole, "Mama Effie, kamati imeona hizo zibaki nyumbani."

Nikamwambia kamati ikija kunifundisha sauti ya pili pale kibandani, kando ya ile mashine ya kuchomelea, zitabaki. Nikampita, nikaingia nazo shingoni, nikakaa benchi la mbele.