Siku Mama Alipotoa Magunia Nje

Juzi jirani alianika maharage uani, miguu yangu ikataka kukimbia yenyewe.

Utotoni, hapa Rumonge kando ya ziwa, nilimkuta mama ametoa stoo nzima nje: maharage, muhogo mukavu, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wenye harufu ya kufika Kongo ng'ambo. Alikuwa anahesabu magunia kwa sauti ya chini. Tulikuwa tumerudi juzijuzi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na kwangu magunia nje yalikuwa na maana moja tu. Nikavaa nguo zangu zote, jasho la kujaza ziwa likinitoka.

“Mama, tunakimbilia wapi?”

“Kukimbia nini, wewe? Fukusi wameingia maharage!”

Alicheka hadi machozi. Jioni alirudisha vingine vyote stoo. Gunia moja dogo la muhogo, la kubebeka mbio, alilifunga, akaliweka nyuma ya mlango, akakataza mtu kuligusa.