Sifuri Tatu za Ukutani

Mtaani walimwita Herufi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mchoraji wa mabango. Mlango wa kinyozi, duka la dawa, karakana ya baiskeli, ubavu wa lori la mchanga, kote huko mkono wake ulijulikana hata na wasiojua kusoma. Herufi zake zilikuwa nene, zimenona, kila moja na kivuli chake cheusi upande wa kulia, utadhani zimesimama juani. Maandishi membamba hakuyataka kabisa. "Hayo ni ya risiti," alikuwa akisema. "Ukuta lazima ushibe."

Kwa hiyo shule aliyosoma binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, ilipotaka kupamba ukuta wa nje wa darasa la sayansi, hakuna aliyeuliza aitwe nani. Herufi alifika na ngazi yake, makopo na brashi, akamkuta mwalimu wa sayansi anamsubiri. Alikuwa dada mmoja kijana, mpole, mwenye mimba iliyokwisha kuwa kubwa, anayetembea mkono mmoja kiunoni. Wanafunzi walimwita Madamu, na Herufi naye akamwita hivyo hivyo.

"Fundi, wewe ukipima ukuta unatumia nini?" akamuuliza.

"Tepu. Nikiisahau nyumbani, shubiri."

"Na kutoka hapa hadi mji wa pili?"

"Hapo ni kilomita, Madamu. Nani atapima barabara kwa shubiri?"

Mwalimu akacheka. "Basi na huko juu kwenye sayari, kilomita nazo zinachoka. Namba inakuwa ndefu mpaka mtoto anapotea katikati. Ndiyo maana wataalamu wamechukua umbali wa kutoka Dunia hadi kwenye Jua, wakaufanya rula yao. Wanauita kizio kimoja cha astronomia. Ukisikia sayari fulani iko vizio vitano kutoka kwenye Jua, ujue ni mara tano ya umbali wetu sisi. Umeona?"

Herufi aliona, tena alifurahi. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba hata mbinguni kuna mtu anashika tepu.

Mwalimu akapanda juu ya benchi, Herufi akilishikilia lisiyumbe, akaandika kwa chaki mstari mmoja kutoka pale ambapo Jua lingechorwa hadi kwenye fremu ya dirisha: KIZIO KIMOJA CHA ASTRONOMIA = KILOMITA 150,000,000. Aliandika kwa herufi ndogo, zilizopangika, na mstari wote ukaenea.

"Fuata hivi hivi, fundi. Kesho naanza likizo ya uzazi, sitakuwepo kuangalia."

"Madamu, kazi hii nimeianza wewe ukiwa chekechea. Nenda ukajifungue salama."

Kesho yake Herufi alichora Jua kubwa la njano lenye miali, na sayari zikiambatana nyuma yake. Kisha akaitazama ile chaki na kuikunjia uso. Herufi ndogo namna ile, kwenye ukuta mpana namna ile! Mtu akipita barabarani ataona nini? Akachukua kitambaa kibichi, akaifuta, akaanza kuandika kwa mkono wake, nene, na vivuli. Ilipendeza mno. Walimu waliopita walisimama kumsifu, naye akazidi kunenepesha. Alipofika kwenye namba ndipo akagundua kwamba dirisha limeshamkaribia. Akabana, akabana tena, akaandika 150,000, na brashi ikagonga fremu.

Alisimama pale juu ya ngazi akitazama. Alijua kuna sifuri nyingine tatu. Kuzipata kungemaanisha kupiga rangi nyeupe mstari mzima na kuanza upya, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Akajiambia: sifuri ni sifuri, haina kitu ndani. Namba yenyewe si imebaki, mia na hamsini? Nani ataenda kupima? Akashuka, akaosha brashi, akaenda zake.

Mwalimu alikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mwalimu wa jiografia, mwenye vipindi vingi na muda mchache. Alipofika kwenye vizio vya astronomia aliwatoa wanafunzi nje, akawaelekeza ukutani: "Hiyo hapo, inakilini, mkaikariri." Wakaikariri.

Kitinda ndiye aliyeikariri kuliko wote. Alikuwa binti wa kuuliza maswali mpaka mama yake anaziba masikio. Alianza mchezo wa kubadilisha kila kitu kuwa vizio. Nyumbani hadi shuleni, kilomita tatu. Ngazi ya baba yake. Kamba ya kuanikia nguo. Hata urefu wa shangazi yake, ambaye aliapa kwamba hajawahi kutukanwa namna hiyo. Wakati wa chakula aliweka kijiko chini na kutangaza: "Baba, leo nimetembea sehemu mbili za laki moja ya kizio!"

"Mwanangu, na hujachoka?" Herufi alijibu, na wote wakaangua kicheko.

Lakini kila mara binti alipogawanya kwa laki moja na nusu, kitu kilimchoma Herufi kidogo, kama kibanzi kwenye kidole. Alifahamu kwamba mgawanyo ule una kasoro, na kwamba kasoro ni yake. Akanyamaza. Angesema nini? Mtoto anafurahi, ukuta unasifiwa. Mwalimu aliporudi kutoka likizo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliupita ule ukuta kila asubuhi bila kuusoma, maana alichokiandika mwenyewe alikijua. Herufi akaona basi, mambo yamekwisha.

Yakaja mashindano ya sayansi baina ya shule, kwenye ukumbi mkubwa, wazazi wamealikwa. Kitinda alikuwa miongoni mwa wasemaji wa shule yao. Herufi alivaa shati lake la harusi, akakaa mbele pamoja na mkewe. Shule ilikuwa inaongoza. Ndipo mwamuzi akasoma swali: "Sayari ya Neptuni iko kilomita bilioni nne na nusu kutoka kwenye Jua. Hivyo ni vizio vingapi vya astronomia?"

Kitinda akabonyeza kengele kabla ya mtu yeyote. "Elfu thelathini!"

Mwamuzi akatabasamu. "Hebu rudia hesabu yako, binti."

"Elfu thelathini," Kitinda akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Kizio kimoja ni kilomita laki moja na nusu."

"Kilomita laki moja na nusu!" Mwamuzi akageukia ukumbi. "Jamani, Mwezi wenyewe uko mbali kuliko hapo. Kwa hesabu hii Jua liko karibu kuliko Mwezi. Si tungekuwa tumeshakuwa mkaa sote?"

Ukumbi ukalipuka. Watu walivunjika mbavu. Na Kitinda, badala ya kukaa chini, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. "Lakini imeandikwa! Imeandikwa ukutani shuleni kwetu!"

Hapo kicheko kikawa maradufu. Shule ya pili ikajibu "Thelathini," ikapewa alama, na baadaye ikapewa kombe. Mkewe Herufi alimshika mkono akidhani anamwonea mtoto huruma. Herufi alitamani ardhi ipasuke immeze na shati lake la harusi.

Wiki iliyofuata wazazi waliitwa kikao. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa sauti nzito, asiyependa shule yake ichekwe. Alimsimamisha mwalimu wa sayansi mbele ya wote. "Mwalimu anayeshindwa kuandika namba moja ukutani," akasema, "atawafundisha nini watoto wa watu?" Akatangaza kwamba klabu ya sayansi, ambayo yule dada aliianzisha mwenyewe, sasa itasimamiwa na mwingine.

Mwalimu alisimama kwa heshima, mtoto amelala begani. "Kosa ni langu, mkuu," akasema. "Niliandika nikiwa nimechoka. Naomba radhi kwa wazazi na kwa wanafunzi."

Herufi alikuwa kiti cha nyuma. Mdomo ulifunguka, ukafungika.

Kikao kilipokwisha, alikuwa anajipenyeza kuelekea getini, mwalimu akamwita. "Fundi! Samahani sana. Kazi yako nzuri imeharibika kwa sababu yangu. Nitakusumbua uje urekebishe. Sijui kichwa changu kilikuwa wapi siku ile."

"Hakuna neno, Madamu," Herufi akasema.

Maneno hayo matatu yalimfuata hadi nyumbani. Alikuta Kitinda amejifungia chumbani, akimwambia mama yake kupitia mlangoni kwamba shuleni harudi, kwamba Madamu amewaaibisha, kwamba hataki kusikia tena habari za sayari. Chakula kikawekwa mezani. Herufi akakitazama.

"Mbona huli?" mkewe akauliza.

Akamweleza. Alieleza kwa sauti ya chini, macho kwenye sahani: chaki, kitambaa, dirisha, mawingu. Akamaliza na yale ya getini. Mkewe hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Yaani mwanamke wa watu, na mtoto begani, amekuomba radhi," akasema taratibu. "Na wewe ukaipokea."

Alisimama, akatoa vyombo, akamwacha na meza tupu.

Asubuhi Herufi alikwenda shuleni bila ngazi wala makopo. Mwalimu alikuwa peke yake darasani, anasahihisha madaftari. Alipomwona akainuka kumpa kiti. Herufi akakataa kukaa.

"Madamu, wewe hukukosea. Uliandika sawasawa, sifuri zote. Mimi ndiye niliyefuta chaki yako, nikaandika makubwa, nafasi ikaniishia. Sifuri tatu nikaziacha. Nilijua."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akatazama dirishani, upande ule ule wa ukuta.

"Nilianza kujiogopa, fundi," akasema. "Nikiandika ubaoni moja jumlisha moja, narudia. Usiku namuuliza mume wangu kama nimezima jiko. Nilidhani uzazi umenichukulia na akili."

Herufi alikuwa anazungusha kofia yake mikononi.

"Mimi nimekusikia," mwalimu akaendelea. "Lakini mimi siye niliyechekwa ukumbini."

Herufi akaelewa. Wanafunzi walipokusanyika uwanjani kabla ya vipindi, aliomba ruhusa, akasimama mbele yao akiwa na nguo zake za kazi. Alikuwa amezoea kusemewa na kuta. Maneno ya mdomoni yalimtoka vipande vipande. Akasema nani alikosea na nani hakukosea. Akasema alijua, akanyamaza, kwa sababu ya kupenda herufi zake zionekane. Mtu mmoja nyuma akaita, "Sifuri!" na uwanja mzima ukacheka. Alimwona Kitinda katikati ya mstari, ameinamisha kichwa, anachora mchangani kwa ncha ya kiatu. Hakuinua macho hata mara moja.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Tumesikia," akasema, kisha akaingia kwenye habari za usafi wa vyoo. Kumtaka radhi mwalimu, hakumtaka. Klabu nayo hakuirudisha mwaka ule. Aliirudisha mwaka uliofuata, kimya kimya, pale msimamizi mpya alipohamishwa.

Herufi alikwangua ule mstari kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, akaandika upya, membamba, bila vivuli. Mwalimu alisimama chini akizihesabu sifuri kwa kidole. Watu waliopita walisema mkono wa fundi umeanza kuzeeka, na yeye hakuwabishia.

Jina nalo lilibadilika. Watoto walianza kumwita Sifuri, kisha vinyozi, kisha wauza duka. Mwanzoni alijifanya hasikii. Mwishowe akaitika.

Kitinda alikaa siku nyingi bila kumsemesha. Akitaka kitu alimwambia mama yake, na mama akapeleka ujumbe upande wa pili wa meza. Halafu jioni moja alitokea mlangoni kwa baba yake, ameshika sketi ya shule yenye doa la rangi ya kijani, kaegemea mahali geti lenye rangi mbichi.

"Hii inatokaje?" akauliza, bila kusema baba.

Herufi aliinuka upesi kupita kiasi, nusura apindue kopo. Akamtafutia mafuta ya taa na kitambaa safi, akamwonyesha asugue kutoka pembeni kuja katikati. Walisugua pamoja. Doa lilififia, halikuisha.

Na mwalimu, kila akikutana naye barabarani, mtoto sasa anatembea akimshika kidole, humsalimia vizuri, "Fundi, habari za kazi?" kwa uso wa kumaanisha. Herufi hujibu nzuri, Madamu. Wakishapishana yeye huongeza mwendo bila kutazama nyuma, asije akakuta anatazamwa, na joto la masikioni huchukua muda kushuka.