Ubongo Niliouita Mbegu za Ng'ombe

Mkasa huu sijawahi kuumaliza kuusimulia, maana kila nikifika pale Laela sauti inaniishia, na ninyi mnaojua nilivyo na mdomo mtaelewa aibu yenyewe ilikuwa ya namna gani.

Nilikuwa nasoma chuo kikuu na kazi yangu ilikuwa ubongo wa nguruwe. (Chekeni tu, nimezoea.) Kwetu Ufipa nguruwe wanazurura, minyoo ya tegu inawapanda mpaka kichwani, na watu nao hivyo hivyo, ndipo wanaanguka kifafa. Mdogo wangu Skola anaanguka, basi mimi sikuona kazi nyingine ya kufanya. Nilikuwa nakwenda Izia, mtaa wa pale mjini wanakochinja nguruwe, naomba kichwa, nautoa ubongo na kuukata, sehemu ya mbele mbali, ya nyuma mbali, kila kipande nakifunga kwenye foili. Vipande vilikuwa viende kwenye mashine inayotambua protini kwa kuzipima uzito, ili tuchore ramani ya ubongo mzima: hapa kuna protini hizi, pale zile, na mnyoo ukikaa mahali fulani zipi zinapungua. Sharti ni visiyeyuke, vikiyeyuka vimeharibika. Nikaazima mtungi wa naitrojeni, ule wa watu wa mifugo wa kuhifadhia mbegu za madume za kupandikizia ng'ombe, ambao ndani yake barafu ni cha mtoto.

Sasa, siku ya kuvipeleka chuoni, stendi ya Sumbawanga, enzi hizo mabasi ya watu binafsi ndiyo yameanza kugombania abiria, kondakta akanipokea mzigo akauliza, "Dada, humu kuna nini?"

Kibali cha kuvisafirisha nilikuwa nacho mkobani. Lakini jamani, mnajua sisi wa Sumbawanga tunavyosemwa huko nje kwa mambo ya uchawi, halafu mimi nisimame mlangoni mwa basi nitamke ubongo? Nikasema, "Mbegu za ng'ombe."

Aliyekaa jirani yangu alikuwa mfugaji wa Kisukuma, Mzee Masanja, aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe zake na sasa walikuwa wanamfia. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanipa viazi vya kuchemsha, kisha akauangalia ule mtungi kama mtu anayeangalia mvua.

"Dume lenyewe likoje, mwanangu?"

Ningenyamaza. Badala yake nikasema ni jeusi lenye mabaka meupe, limetoka Iringa, mabinti zake wanajaza ndoo mpaka maziwa yanamwagika, na kadiri macho ya mzee yalivyong'aa ndivyo nilivyozidi kuliongezea lile dume kimo, mpaka abiria wa nyuma nao wakawa wanauliza.

Laela basi likasimamishwa kwenye kizuizi cha mifugo. Kabla sijajua la kufanya, Mzee Masanja (kwa wema wake mwenyewe) akatoa kichwa dirishani: "Bwana mifugo! Huyu binti ana mbegu za dume la maana, njoo uone, unisaidie na mimi nipate!"

Bwana mifugo akaja, mtungi ukashushwa, kifuniko kikatolewa, moshi mweupe ukafuka na watu wakazunguka. Akavuta kikopo cha ndani, akakunja uso.

"Mbegu zinakaa kwenye mirija myembamba. Hivi vifurushi ni vya nini?"

Nikageuka kumtazama kondakta.

"Dada, nakuuliza wewe."

"Ubongo," nikasema.

Wa nguruwe, nilikuwa naendelea, naapa, lakini mama mmoja alishapiga yowe na hilo neno la pili halikusikika. Nilivutwa kitenge, nikapigwa kofi na mtu nisiyemwona, mkoba wangu ukatupwa barabarani. Mgambo ndio walionitoa, wakaniokotea mkoba, wakanipeleka kituoni na watu wanatufuata nyuma wanazomea.

Askari alikisoma kibali changu taratibu, akaniangalia. "Kibali unacho. Sasa ulidanganya kwa nini?"

Vifurushi vikamwagwa juani kwenye benchi kama ushahidi, kumsubiri daktari wa mifugo aje athibitishe, nami nikaomba, nikapiga magoti, virudishwe mtungini. Hakuna aliyethubutu kuvigusa, na mimi nikakatazwa. Nikakaa sakafuni naangalia foili zinatoa maji ya rangi ya waridi, yanadondoka, inzi wanatua.

Mzee Masanja alibaki kutoa maelezo. Wakati anaondoka alisimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Ungeniambia ni nguruwe, mwanangu, ningehama kiti tu. Wewe ukanipa dume."

Daktari alifika jioni, akathibitisha, wakaniachia. Lakini habari zilishatangulia mjini, na habari hazikubeba nguruwe. Izia wakanifungia milango. Mama aliacha kwenda kwenye jumuiya ya sala, maana akikaa kwenye mkeka wenzake wanasogea. Ramani ilikuja kuchorwa na mwanafunzi mwingine, kwa nguruwe wa kwingine. Skola bado anaanguka.

Tangu hapo nikiulizwa nimebeba nini nasema lote kwa pumzi moja, na nguruwe natanguliza. Mwaka uliofuata, nikiwa na vipande vichache nilivyopata kijijini, nilimjibu hivyo kondakta mwingine. Dada niliyekaa naye akachukua mtoto wake akahamia nyuma, wa mbele yetu wakamfuata, nami nikasafiri mpaka Tunduma viti vya pembeni yangu vitupu, watu wamesimama.